Ordinatere haizuii mlima kuanguka



Mwezi wa kumi na moja unapofika, na mvua inaanza kupiga mabati usiku, mama wengi katika sehemu zetu za migodi hawalali vizuri. Wanasikiliza mvua, lakini wanafikiri shimo. Baba yuko kule, ama mtoto mkubwa yuko kule. Asubuhi mama akisema neno, anajibiwa hivi: "Mama, usiogope. Ile ukuta iko nguvu. Tuko tunachimba pale tangu mwezi wa sita, haijaanguka hata siku moja."

Je, ni nani aliyepima nguvu ya ule ukuta? Ukuta uliosimama tangu mwezi wa sita ulisimama siku za jua. Je, umekwisha kuulizwa swali la mvua?

Siku hizi kuna watu ambao kazi yao ni kuuliza udongo na mawe maswali ya namna hii. Wanatumia ordinatere (wengine wasema kompyuta) yenye programu maalum. Vijana wetu wanasikia habari hizo, na wengine wanafikiri ni kama uganga: unabonyeza, mashine inakuambia mlima utaanguka saa gani. Sivyo. Mwezi huu tuangalie pamoja programu hizo zinafanya nini, hazifanyi nini, na wewe ambaye huna ordinatere unaweza kujifunza nini kutoka kwao.

UNGA NA KICHUGUU

Tuanzie nyumbani. Mama, chukua unga wa bukari, umimine polepole juu ya lungo. Unajipanga kama kilima kidogo. Endelea kumimina. Kilima kinapanuka, lakini pembeni hakisimami wima hata ukifanya nini. Kila mara unga unateleza na kurudi kwenye mteremko uleule. Chembe zinashikana kwa kusuguana tu, na msuguano una mpaka wake.

Sasa toka nje, uangalie kichuguu. Kichuguu cha kwetu kinaweza kuwa kirefu kupita nyumba, na pembeni kinasimama karibu wima miaka na miaka. Kwa nini? Sababu ni udongo wa mfinyanzi. Chembe zake hazisuguani tu, zinashikamana kama gundi. Ndiyo maana watu wanakivunja na kufyatua matofali.

Basi, mlima wowote, hata ukuta wa karieri, una nguvu hizo mbili: kusuguana na kushikamana. Nguvu hizo zinashika. Upande mwingine uzito wa mlima wenyewe unavuta chini. Ni kama mizani ya soko: upande mmoja kinachovuta, upande mwingine kinachoshika.

Mainjenyeri wanagawanya kinachoshika kwa kinachovuta. Jibu ndilo kipimo cha usalama. Ikiwa ukuta unavutwa kwa nguvu ya tani 100, na unashikwa kwa nguvu ya tani 130, kipimo ni 1.3. Kikiwa 1 kamili, mizani imelingana, na kitu kidogo tu chaweza kuangusha ukuta. Kikishuka chini ya 1, ukuta hauwezi kubaki mahali pake. Kwa kuta za karieri mara nyingi wanatafuta 1.2 ama 1.3. Kwa boma la kuzuia maji, ambalo watu wanaishi chini yake, mara nyingi wanataka 1.5.

KIJANA, CHUKUA KALAMU

Wewe unayesoma hesabu sekondari, hii ni kazi yako. Kwa mchanga mkavu, usio na gundi yoyote, kipimo ni tanjenti ya pembe ya msuguano, ugawanye kwa tanjenti ya pembe ya mteremko. Tuseme pembe ya msuguano ni digrii 35. Tanjenti yake ni 0.70.

Ukilaza mteremko kwa digrii 30, tanjenti ni 0.58. Gawanya 0.70 kwa 0.58: unapata 1.21. Unasimama.

Ukiusimamisha kwa digrii 40, tanjenti ni 0.84. Gawanya tena: unapata 0.83. Unaanguka. Digrii 10 tu, na habari imekuwa nyingine.

Lakini ngoja, mvua imenyesha. Maji yamejaa ndani ya mchanga na yanateremka pamoja na mteremko. Maji yanasukuma chembe, zinabanana kidogo kuliko kwanza, na msuguano unapungua. Katika hali hiyo kipimo kinashuka karibu nusu. Ule mteremko wa digrii 30, uliokuwa na 1.21 siku za jua, sasa unakaribia 0.6. Hakuna aliyeugusa. Hakuna aliyechimba hata koleo moja zaidi. Ni mvua tu.

Sasa unaona kwa nini maneno "haijaanguka hata siku moja" hayatoshi.

MLIMA UNAKATWA KAMA MKATE

Mchanga mkavu ni hesabu nyepesi. Ukuta wa kweli una tabaka la udongo mwekundu juu, mwamba uliooza katikati, mwamba mgumu chini, nyufa zilizolala huku na huku, na maji. Tena hujui utakatikia wapi.

Mwaka 1916 sehemu ya gati ya bandari ya Göteborg, nchi ya Swedi, iliteleza ikaingia majini. Mainjenyeri wa kule walipochunguza, waliona kwamba udongo uliteleza kwa mstari wa mviringo, kama kijiko kinavyochota. Basi walifanya hivi: wanachora mviringo ndani ya picha ya mteremko, halafu sehemu iliyo juu ya mviringo wanaikata vipande vilivyosimama, sawasawa na mkate. Kila kipande wanakipima: uzito wake, kinavyovuta, kinavyoshika. Wanajumlisha vyote na kupata kipimo cha mviringo ule. Mwaka 1955 mwalimu Alan Bishop wa Imperial College, London, aliitengeneza njia hiyo ikawa ya kuaminika zaidi, na mpaka leo wanafunzi wanafundishwa njia ya Bishop.

Taabu ni hii: mviringo mmoja hautoshi. Pengine mlima utakatika kwa mwingine, ulio dhaifu zaidi. Inafaa kujaribu mmoja, wa pili, wa hamsini, wa mia. Kwa mkono, kila mmoja ni kazi ya saa nyingi, na mtu akichoka anakosea.

Hapo ndipo ordinatere iliingia. Mwaka 1958 huko Uingereza ilichapishwa habari ya kutumia ordinatere kwa hesabu hizi. Mashine za wakati ule zilikuwa kubwa, zikijaza chumba. Leo ordinatere ya kubeba mkononi inajaribu maelfu ya mistari ukiwa bado unakoroga chai, na inakuonyesha ule wenye kipimo cha chini kupita yote. Hiyo ndiyo kazi yake: haichoki kutafuta mahali padhaifu.

MTU WA AFRIKA KATIKA KAZI HIYO

Msifikiri kwamba ujuzi huu wote ulitoka Ulaya. Mwezi wa kwanza wa mwaka 1960, mgodi wa makaa wa Coalbrook, Afrika Kusini, ulibomoka chini ya ardhi. Nguzo za makaa zilizoachwa kushika dari zilivunjika moja kwa moja, na watu zaidi ya 430 walizikwa humo. Baada ya msiba ule, uchunguzi wa nguvu za mwamba uliongezwa sana.

Kati ya waliofanya kazi hiyo Afrika Kusini alikuwa kijana Evert Hoek, mzaliwa wa nchi tunayoiita leo Zimbabwe. Baadaye alifundisha London. Mwaka 1974, pamoja na John Bray, alitoa kitabu juu ya kuta za mwamba, na mwaka 1980, pamoja na Edwin Brown, alitoa kanuni ya kukadiria nguvu ya mwamba wenye nyufa. Tangu mwaka 1987 alikuwa mwalimu Toronto, nchi ya Kanada. Katika kikundi cha chuo kile zilitengenezwa programu ambazo mwaka 1996 zilizaa kampuni ya Rocscience, na moja ya programu zake, Slide, inafanya ile kazi ya kukata mkate.

Kuna nyingine. PLAXIS ilianzia Delft, Uholanzi, mwaka 1987, kwa ajili ya kingo za mito juu ya udongo laini. FLAC ilitoka Minneapolis, Marekani, mwaka 1986. Hizi mbili hazikati mkate. Zinagawanya ardhi yote kama wavu wenye matundu madogo, na kwa kila tundu zinauliza: hapa pamebanwa kiasi gani, pamesogea kiasi gani?

ORDINATERE INAPOAMBIWA VIBAYA

Pengine utasema: "Basi, tununue hizo programu, mambo yamekwisha." Hapana, ndugu. Sikiliza habari ya Singapore.

Mwaka 2004 huko Singapore walikuwa wakichimba njia ya treni chini ya ardhi, kando ya barabara ya Nicoll Highway. Shimo lilikuwa limefika karibu metre 30, katika udongo laini wa bahari. Kuta zilishikwa na mihimili ya chuma iliyopita kutoka upande huu mpaka ule. Hesabu zilifanywa kwa programu nzuri ya ordinatere. Lakini namna waliyochagua ya kuiambia programu nguvu ya udongo haikufaa udongo ule. Mashine ikaamini kwamba udongo una nguvu kuliko ulivyo. Tena, sehemu za chuma zilizounganisha mihimili na kuta zilikuwa dhaifu.

Kuta zilianza kusogea kupita kiasi kilichohesabiwa. Udongo wenyewe ulikuwa unasema: hesabu yenu si kweli. Wakubwa wa kazi hawakusimamisha kazi. Walirudia hesabu na kupandisha kile kipimo cha hatari, ili kazi iendelee. Asubuhi ya tarehe 20 Aprili wafanyakazi walisikia vishindo, na chuma kilionekana kikipinda. Siku ile ile, saa za alasiri, kila kitu kilianguka, barabara pamoja nayo. Watu wanne walikufa. Mmoja wao alikuwa msimamizi aliyewatoa wenzake shimoni kwanza. Yeye hakutoka.

Tunajifunza nini? Ordinatere inajibu kwa yale uliyoiambia. Ukiiambia udongo una nguvu, itahesabu kwa udongo wenye nguvu, na itakuchorea picha nzuri ya rangi. Ndiyo maana kabla ya programu kuna kazi ya mikono: kutoboa ardhi kwa mashine ya sonda na kutoa vipande vya mwamba, kuvivunja katika labo ili kujua nguvu zao, kuteremsha bomba jembamba kupima maji yako metre ngapi, kuzunguka ukuta kwa miguu na kuandika kila ufa. Mtu mvivu katika kazi hiyo hawezi kusaidiwa na mashine yoyote.

MLIMA ULIPOSIKILIZWA

Sasa habari ya pili, nayo ni ya shaba, kama kwetu. Karibu na Salt Lake City, katika jimbo la Utah, Marekani, kuna karieri ya Bingham Canyon. Inakwenda chini karibu kilometre 1. Mwanzoni mwa mwaka 2013 vipimo vilionyesha kwamba ukuta mmoja unasogea. Kulikuwa na rada iliyouangalia usiku na mchana, na vioo vidogo vilivyofungwa juu ya mwamba ili kupima hata mwendo wa milimetre. Wiki baada ya wiki mwendo uliongezeka.

Tarehe 10 Aprili 2013, mchana, wakubwa walisema: watu wote watoke. Hawakungoja kuona kwa macho. Walitoka. Saa tatu na nusu usiku ukuta ulianguka, na baada ya saa moja na nusu hivi ukaanguka mara ya pili. Mawe na udongo vilikuwa zaidi ya tani milioni 130. Magari makubwa na mashine za kuchota zilifukiwa, sababu mawe yalikimbia mbali kuliko walivyofikiri.

Ona hapo: hata wale wenye vyombo vyote hawakujua kila kitu. Hawakujua mawe yatafika wapi. Lakini hakuna mtu aliyekufa. Hakuna hata mmoja aliyeumia. Mali ilipotea, watu walirudi nyumbani kwa watoto wao.

Singapore kulikuwa na ordinatere. Utah kulikuwa na ordinatere. Singapore ardhi iliposema, waliibishia. Utah waliisikiliza.

NA SISI HAPA?

Sisi hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta msiba. Tarehe 27 Juni 2019, karibu na Kolwezi, kuta za ngazi katika karieri kubwa ziliporomoka juu ya wachimbaji wa mkono, wale tunaowaita kreseri. Waliokufa hawakupungua 43. Ilikuwa mwezi wa sita, siku za jua. Kwa hiyo tusifikiri kwamba hatari inakuja na mvua peke yake: mkono wa mtu anayechimba chini ya ukuta unaweza kuushusha mizani kama vile mvua.

Kule kreseri wanakochimba, mara nyingi hakuna sonda, hakuna rada, hakuna programu. Lakini yale ambayo programu inahesabu, jicho linaweza kuyaona kwa sehemu. Baba, na wewe kijana, shikeni haya:

Usichimbe chini ya ukuta na kuacha juu yake imeinama kama dari. Unaondoa kinachoshika na kuacha kinachovuta. Kata kwa ngazi ukianzia juu, na laza mteremko.

Usirundike udongo uliotoa shimoni kwenye ukingo wa shimo. Unaongeza uzito pale pale usipotakiwa. Upeleke mbali.

Kila asubuhi, kabla ya kuteremka, tembea juu nyuma ya ukingo na tafuta ufa. Ukiuona, piga vijiti viwili, kimoja upande huu na kimoja upande ule, upime kati yao kwa kamba. Fanya hivyo ukiwa bado kwenye udongo mzima, mbali na ukingo. Kamba ikifupika kesho yake, ukuta unatembea. Hiyo ndiyo rada ya maskini. Wazee wanasema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Shimoni ufa wa namna hii hauzibwi, unakimbiwa. Na hata usipoona ufa, usiseme pamekuwa salama.

Maji yakianza kutoka ukutani mahali palipokuwa pakavu, ama vijiwe vikianza kuanguka kimojakimoja bila mtu kuvigusa, toka. Usirudi kuchukua koleo wala mfuko.

Baada ya mvua kubwa, usiteremke hata kama jua limetoka. Maji yanachukua siku kuingia ndani, na ukuta unaweza kuanguka wakati mbingu ni safi.

Ukuta ukiisha kuanguka, weka mtu mmoja wa kuangalia juu kabla ya wengine kukimbilia kufukua. Kumbuka Utah: mara ya pili ilikuja baada ya saa moja na nusu. Wengi wamekufa wakiokoa.

Tena, kikundi cha wachimbaji kina haki ya kuuliza. SAEMAPE ni ofisi ya Serikali iliyowekwa kusaidia wachimbaji wadogo. Nendeni pamoja, si mtu peke yake, mkaombe mtu aje kuangalia kuta zenu.

Najua jibu la baba wengi: "Nikitoka shimoni, watoto watakula nini?" Ni neno la kweli, na gazeti hili halina unga wa kukupa. Lakini siku moja ya kungoja ukuta ni siku moja ya njaa. Ukuta ukianguka, njaa ya nyumba ile haina mwisho wa kuhesabu.

NENO KWA WANAFUNZI

Kijana, wewe mvulana na wewe msichana, kumbuka ile hesabu ya tanjenti. Ukiielewa, umekwisha kuingia mlangoni mwa kazi hii. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina kitivo cha Politekniki, kinachofundisha mainjenyeri wa migodi. Wanaotakiwa ni watu wanaopenda hesabu na fizika, wasioogopa matope, na wasioogopa kumwambia mkubwa wao: "Hapana, leo watu wasiteremke." Hilo la mwisho ordinatere haiwezi kulisema kwa niaba yako. Itaandika 0.9 juu ya kioo, kisha itanyamaza. Mtu ndiye anayepaswa kusimama na kupiga kengele.

Na wewe mama, usiku wa leo mvua ikipiga mabati, usinyamaze mpaka asubuhi. Muulize baba, muulize na mtoto: juu ya ukingo kuna ufa? Nani aliuangalia leo? Kamba ilikuwa urefu gani? Wakikosa jibu, kesho wasiteremke mpaka walipate.